Mtoto wa Boston: Habari za Homosisteini na Mishipa ya Damu

Somo la radio kwa watu wazima. Limechapwa kama lilivyosomwa, pamoja na maswali ya kuzungumza mwishoni.

Katika masomo ya historia tumezoea kusikia habari za wafalme, vita na safari za majahazi. Leo nataka kuwasimulia historia ya namna nyingine. Ni historia ya kitu kidogo mno, kisichoonekana kwa macho, nacho kimo katika damu yangu na yako hivi sasa. Habari zake zinaanza kwa kifo cha mtoto, zinapita kwa daktari aliyepoteza kazi yake, nazo zinaishia katika sufuria ya mboga jikoni kwako.

Kwanza tukumbushane kiharusi ni nini. Mtu huanguka ghafula, mdomo ukaenda upande, mkono usiinuke, na ulimi ukawa mzito. Jirani husema amepigwa na upepo mbaya, au kuna mtu aliyemfanyia ubaya. Lakini sababu imo ndani ya mwili wake. Ubongo huishi kwa damu, na damu hufika kichwani kwa mishipa inayopita shingoni. Mshipa mmoja ukizibwa au ukipasuka, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa. Hicho ndicho kiharusi.

Kwa kawaida twajua kwamba ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, ambao mishipa yao imekuwa migumu kwa miaka mingi. Basi sikilizeni jambo lililowashangaza madaktari.

KIFO CHA MWAKA 1933

Katika mji wa Boston, nchini Marekani, mwaka wa 1933, mtoto wa kiume wa miaka 8 aliletwa katika hospitali iitwayo Massachusetts General Hospital. Kwa muda wa siku kadhaa alikuwa akiumwa kichwa, akitapika na kusinzia. Kisha upande wa kushoto wa mwili wake ukalegea. Madaktari hawakuweza kumwokoa.

Walipoupasua mwili wake ili kujua sababu, waliona jambo ambalo hawakulitazamia kabisa. Mishipa ya shingoni ipelekayo damu kwenye ubongo ilikuwa minene na migumu, kama mishipa ya mzee. Njia ya damu ilikuwa imekuwa nyembamba, na damu iliyoganda ilikuwa imeiziba. Mtoto wa miaka 8 alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa wazee.

Madaktari wale walifanya mambo mawili ya maana. Waliandika habari za mgonjwa huyo, nazo zikapigwa chapa mwaka ule ule katika gazeti la madaktari liitwalo New England Journal of Medicine. Tena walihifadhi vipande vya viungo vyake katika nta, wakaviweka ghalani. Hawakujua maana ya waliyoyaona, lakini hawakuyatupa. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

ASIDI ILIYOTOKA KATIKA CHAKULA

Sasa tuwaache madaktari wa Boston, twende kwa wanakemia. Ukila nyama, samaki, mayai au maharage, tumbo huvunja chakula kile vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Ziko aina 20 hivi ambazo mwili huzitumia kujengea misuli, damu, ngozi na kadhalika, kama fundi atumiavyo matofali. Mojawapo huitwa methionini. Mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, lazima tuile.

Mwaka wa 1932, yaani mwaka mmoja kabla ya mtoto yule kufa, mwanakemia Vincent du Vigneaud, katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliichemsha methionini katika asidi kali, akapata kitu kipya. Kitu hicho kwa lugha yetu twaweza kukiita homosisteini. Yeye hakuwa akitafuta ugonjwa wo wote; alitaka kujua tu jinsi vitu vyenye salfa vinavyobadilika. Mwaka wa 1955 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya vitu hivyo vya salfa.

Baadaye wataalamu walitambua kwamba mwili wenyewe hutengeneza homosisteini kila siku, unapoitumia methionini. Basi homosisteini si sumu iliyotoka nje; ni kitu cha katikati ya safari. Fikiri juu ya mtu aliyebeba mzigo akafika njia panda. Njia moja inamrudisha alikotoka: homosisteini inageuzwa kuwa methionini tena, na kazi hii yahitaji vitamini mbili, asidi foliki na vitamini B12. Njia ya pili inampeleka mbele: homosisteini inageuzwa kuwa asidi amino nyingine iitwayo sisteini, na kazi hii yahitaji vitamini B6. Katika kila njia yumo mfanya kazi, yaani kimeng'enya, ambaye huusukuma mzigo uende. Mfanya kazi akikosekana, au vitamini ikikosekana, mizigo hurundikana njia panda. Ndipo homosisteini huzidi katika damu.

WATOTO WA BELFAST

Miaka 30 ikapita. Mwaka wa 1962, katika mji wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, Daktari Nina Carson na mwenzake D. W. Neill walikuwa wakipima mkojo wa watu waliozaliwa na upungufu wa akili, wapate kujua kama asidi amino zao zina kasoro. Katika mkojo wa watoto wawili wa kike, ndugu wa tumbo moja, walikuta homosisteini nyingi. Mwaka ule ule, wataalamu wa jimbo la Wisconsin, Marekani, walikuta jambo lilo hilo kwa mtoto mchanga. Mwaka wa 1964 Harvey Mudd na wenzake wakaonyesha sababu yake: watoto hao walizaliwa bila nguvu ya kutosha katika kimeng'enya cha njia ya pili, ile iendayo mbele.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa wazazi wote wawili, nao ni wa nadra sana. Lenzi ya jicho huhama mahali pake, mifupa hurefuka au kupinda, na akili huweza kuchelewa kukua. Lakini kiletacho kifo zaidi ni damu kuganda na kuziba mishipa. Wataalamu walipokusanya habari za wagonjwa 629 wa nchi mbalimbali, zikachapwa mwaka wa 1985, ilionekana kwamba karibu nusu ya wasiotibiwa walipatwa na kuzibwa kwa mshipa kabla au karibu ya kutimiza miaka 30.

Haikuchukua muda mrefu hadi ugonjwa huo ukatambulikana Boston. Katikati ya miaka ya 1960, mtoto wa kike wa miaka 9 alipimwa, akaonekana anao. Mama yake akawaambia madaktari neno ambalo pengine watu wengine wangelipuuza. Alisema kwamba kaka yake yeye, yaani mjomba wa mtoto, alikufa akiwa mdogo, naye aliugua vile vile. Madaktari wakatafuta katika vitabu vya kumbukumbu. Mjomba huyo alikuwa nani? Alikuwa yule mtoto wa mwaka 1933.

DAKTARI McCULLY ANAFUNGUA GHALA

Mwaka wa 1968 habari hizo zilimfikia Daktari Kilmer McCully, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ile ile. Kazi yake ilikuwa patholojia, yaani kuchunguza viungo vya wagonjwa na vya waliokufa ili kujua ugonjwa umefanya nini. Alizaliwa mwaka wa 1933, mwaka ule ule aliokufa mtoto yule.

McCully alikwenda akatafuta vipande vile vilivyohifadhiwa katika nta. Vilikuwapo bado, miaka 35 baadaye. Alivikata vyembamba, akavitazama kwa hadubini. Aliona kwamba ubaya haukuwa katika mishipa ya shingo peke yake. Mishipa midogo ya damu katika sehemu nyingi za mwili ilikuwa imenenepa kuta zake. Tena hapakuwa na mafuta mengi ndani ya kuta hizo, ingawa zamani zile madaktari walikuwa wakiyataja mafuta kuwa ndiyo chanzo cha mishipa kuwa migumu.

Je, homosisteini ndiyo iliyofanya hivyo? Hapa tuwe waangalifu. Katika damu ya mgonjwa wa namna ile, homosisteini huzidi, lakini methionini nayo huzidi. Watu wawili wakikutwa karibu na nyumba iliyovunjwa, utajuaje ni yupi aliyeivunja?

Jibu lilitoka kwa mtoto mwingine. McCully alipata kuchunguza viungo vya mtoto mchanga aliyekufa kabla ya kufikisha miezi miwili. Huyu alikuwa na kasoro tofauti: mwili wake haukuweza kuitumia vitamini B12, kwa hiyo iliyofungwa ni njia ya kwanza, ile ya kurudi. Kwake yeye methionini ilikuwa kidogo, wala haikuzidi. Lakini homosisteini ilikuwa nyingi. Na mishipa yake? Ilikuwa imeharibika kama ya yule wa mwaka 1933.

Mnaona hoja ilivyokaa? Wagonjwa wawili, kasoro mbili mbalimbali. Methionini kwa mmoja imezidi, kwa mwingine imepungua. Kitu kilichozidi kwa wote wawili ni homosisteini, na uharibifu ni wa namna moja. Kwa hiyo McCully akaandika, mwaka wa 1969, kwamba homosisteini ndiyo iliyoiharibu mishipa. Kisha akaenda mbali zaidi. Akauliza: kama homosisteini nyingi sana huua watoto, je, homosisteini iliyozidi kidogo tu, kwa miaka mingi, haiwezi kuwa mojawapo ya sababu za ugumu wa mishipa kwa watu wazima wa kawaida? Akawadunga sungura homosisteini, na mwaka wa 1970 akatangaza kwamba mishipa yao nayo iliharibika.

KUPOTEZA KAZI

Wengine watafikiri kwamba mtu aliyepata jambo kubwa namna hii alishangiliwa. Sivyo. Miaka ile wataalamu wengi walikuwa wakiishughulikia kolesteroli, na walikuwa na sababu njema, kwa kuwa kolesteroli ni chanzo cha kweli cha magonjwa ya moyo, na hata leo jambo hilo halibishaniwi na wataalamu. Lakini pamoja na hayo, nafasi ya wazo lingine ilikuwa ndogo. Fedha za utafiti wa McCully zilikwisha. Aliambiwa kwamba hakuithibitisha hoja yake. Mwanzoni mwa mwaka 1979 aliondoka katika kazi yake ya Boston, akakaa zaidi ya miaka miwili akitafuta mahali pengine. Mwaka wa 1981 akapata kazi katika hospitali ya askari wa zamani, mjini Providence.

Lakini wazo halikufa, maana watu wengine walikuwa wamelichukua. Mwaka wa 1976, mjini Sydney, Australia, David Wilcken na Bridget Wilcken waliwapima wagonjwa wa moyo 25, wakaona kwamba wengi wao miili yao ilishindwa kuitengeneza vizuri methionini waliyonyweshwa, tofauti na watu wazima wenye afya. Mwaka wa 1985, Uholanzi, jambo la namna hiyo lilionekana kwa watu wasiofika miaka 50 ambao mishipa yao ya ubongo au ya miguu ilikuwa imeziba.

Mwaka wa 1992 ikaja habari kubwa zaidi. Madaktari wanaume 14,916 wa Marekani walikuwa wametoa damu yao mapema, ikawekwa kwenye barafu, nao wakafuatwa kwa miaka. Ilionekana kwamba wale waliokuwa na homosisteini nyingi kupita wenzao walipatwa na mshituko wa moyo mara tatu hivi zaidi ya wale waliokuwa na kiasi kidogo. Mwaka wa 1995, katika mji wa Framingham, si mbali na Boston, wazee 1,041 walipimwa mishipa ya shingo. Kadiri homosisteini ilivyozidi, ndivyo mishipa hiyo ilivyoonekana kuwa myembamba. Ni mishipa ile ile iliyomwua mtoto wa mwaka 1933.

VITAMINI YA MAJANI

Hapo ndipo watu walipoanza kusema: kama ndivyo, dawa ni rahisi. Asidi foliki huipunguza homosisteini, nayo bei yake ni ndogo.

Vitamini hiyo nayo ina historia yake. Mwaka wa 1928 daktari mwanamke wa Kiingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay, India, kuchunguza kwa nini wanawake wajawazito, hasa maskini wafanyao kazi katika viwanda vya nguo, walipungukiwa na damu hata kufa. Aliwapa dondoo la hamira, lile la kupaka mkate, nao wakapata nafuu. Alitangaza habari hizo mwaka wa 1931. Mwaka wa 1941 wataalamu wa Texas walikitoa kitu chenyewe katika majani ya spinachi, wakakiita asidi foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Tangu Januari 1998 Serikali ya Marekani iliamuru kwamba unga wa nafaka utiwe asidi foliki. Lakini shabaha yake ilikuwa kuwakinga watoto wasizaliwe na kasoro za uti wa mgongo, wala si kuzuia kiharusi.

Basi majaribio yakaanza, na hapa, wapenzi, nataka msikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Mawingu ni dalili ya mvua, lakini ukipata kuyafukuza mawingu, hujui bado kama umeondoa kilichoyaleta. Kitu kinachoonekana pamoja na ugonjwa chaweza kuwa chanzo, chaweza kuwa dalili tu. Njia ya kujua ni kukiondoa, halafu kutazama kama ugonjwa nao unapungua.

Mwaka wa 2004 yalitangazwa majibu ya jaribio lililowahusu watu 3,680 waliokwisha kupatwa na kiharusi, wa Marekani, Canada na Scotland. Nusu walipewa vitamini nyingi, nusu kidogo. Homosisteini ilishuka, lakini kiharusi cha pili hakikupungua. Mwaka wa 2006 jaribio la Norway, kwa watu waliopona mshituko wa moyo, nalo halikuona faida. Wengi wakasema, hoja ya McCully imekwisha.

Lakini mwaka ule ule wa 2006 jaribio jingine, la watu 5,522, lilionyesha jambo la kufikirisha. Kwa upande wa kufa kwa ugonjwa wa moyo, vitamini hazikusaidia. Kwa upande wa kiharusi, katika kila watu 1,000 waliopewa vidonge visivyo na dawa walipatwa 53, na katika kila 1,000 waliopewa vitamini walipatwa 40.

Kisha China. Huko unga haukuwa ukitiwa asidi foliki kama Marekani, na watu wengi walikuwa na upungufu wake. Watu 20,702 wenye shinikizo la damu, ambao hawajapata kuugua kiharusi, waligawanywa mafungu mawili. Wote walipewa dawa ya presha. Fungu moja liliongezewa asidi foliki. Baada ya miaka minne na nusu hivi, waliopatwa na kiharusi katika fungu la dawa ya presha peke yake walikuwa 355. Katika fungu lililoongezewa vitamini walikuwa 282. Habari hizo zilitangazwa mwaka wa 2015. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa na upungufu wa vitamini tangu mwanzo.

Sasa twaweza kutoa hukumu ya haki. McCully alikuwa na kweli juu ya watoto wale. Juu ya watu wazima, alikuwa na sehemu ya kweli. Homosisteini si ufunguo wa kila mlango wa ugonjwa wa moyo. Kwa kiharusi, asidi foliki huweza kumsaidia mtu aliyepungukiwa nayo. Kwa aliyeshiba nayo, kumwongezea hakuleti faida kubwa. Na vitamini nyingi mno zaweza kudhuru: mwaka wa 2010, nchini Canada, wagonjwa wa kisukari wenye figo dhaifu waliopewa vitamini B kwa wingi waliharibikiwa figo upesi kuliko wenzao.

McCully aliishi mpaka mwaka wa 2025, akafa akiwa na umri wa miaka 91. Aliyaona majaribio yote haya.

YATUHUSUJE SISI?

Pengine unasema, hayo ni mambo ya Boston na China. Lakini kiharusi tunacho hapa. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika sehemu za Dar es Salaam. Hesabu yao, baada ya kusawazisha umri, ilikuwa watu 109 hivi kwa kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Hesabu hiyo ya Dar es Salaam ni kubwa kuliko za nchi nyingi za Ulaya.

Nchi zetu nazo zimeanza kuitia asidi foliki katika unga wa viwandani: Tanzania iliweka kanuni mwaka wa 2011, na Kenya mwaka wa 2012. Lakini unga unaosagwa katika mashine ya kijijini mara nyingi haupati kitu hicho. Kwa hiyo mboga za majani na kunde zina kazi. Asidi foliki imo katika mchicha, matembele, majani ya kunde, maharage, choroko na maini. Vitamini B12 imo katika samaki, dagaa, nyama, mayai na maziwa, wala haimo katika majani. Vitamini B6 imo katika ndizi, viazi, samaki na nyama.

Jueni pia kwamba asidi foliki huharibika kwa moto mwingi, tena hutoka na kuingia katika maji. Mama apikaye mchicha mpaka ukageuka rangi, kisha akamwaga maji yake, amemwaga vitamini. Pika kwa muda mfupi, kwa maji kidogo, na mchuzi utumike. Kisamvu peke yake kisifuate kanuni hii: lazima kitwangwe na kupikwa sana, maana kibichi kina sumu.

Lakini nawaomba sana, mtu asiache dawa zake za presha kwa sababu amesikia habari za majani. Watu wa China walipata faida ya asidi foliki wakiwa wanaendelea kumeza dawa ya presha. Shinikizo la damu ndilo adui mkubwa wa kwanza katika kiharusi. Tumbaku, kisukari na chumvi nyingi ni wasaidizi wake. Nenda ukapimwe, hata kama huumwi. Na ukimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, au maneno yake hayaeleweki, usingoje asubuhi, wala usianze kwa mganga. Mpeleke hospitali saa ile ile.

NENO LA MWISHO

Tumrudie yule mtoto. Je, kama angezaliwa leo? Nchini Ireland, tangu mwaka wa 1971, kila mtoto mchanga hutobolewa kisigino kidogo, tone la damu likapimwa kwa ugonjwa huu. Akionekana anao, huanza matibabu mapema: chakula chenye methionini kidogo, na vitamini. Mwaka wa 2001 wataalamu wa nchi kadhaa walichapa hesabu ya wagonjwa 158 waliotibiwa kwa miaka mingi. Kama wasingetibiwa, ilikadiriwa kwamba mishipa ingeziba au kuharibika mara 112. Ilitokea mara 17.

Tofauti kati ya 112 na 17 ndiyo watu walio hai. Nao wako hai kwa sababu daktari mmoja hakukitupa kipande cha nta, mama mmoja alimkumbuka kaka yake aliyekufa, na mtu mmoja akakubali kupoteza kazi kuliko kuacha swali lake. Basi ukiulizwa na daktari, "Je, katika ukoo wenu yuko aliyeugua hivi?" usiseme sijui kwa uvivu. Waulize wazee, ukajibu. Huenda jibu lako likamwokoa mtoto asiyezaliwa bado.

Kwaherini, wasikilizaji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Eleza kwa maneno yako njia mbili ambazo homosisteini hupita. Kila njia yahitaji vitamini gani?

2. Kwa nini mtoto mmoja peke yake hakutosha kumthibitishia McCully kwamba homosisteini ndiyo yenye kosa? Mtoto wa pili aliongeza nini?

3. Kwa nini asidi foliki ilileta faida China kuliko Marekani?

4. Chagueni mboga tatu zinazopikwa katika mtaa wenu. Je, hupikwaje, na maji yake hufanywa nini?

5. Kila mtu awaulize wazee wake: katika ukoo wetu, ni nani aliyepatwa na kiharusi, na alikuwa na umri gani? Yaandikeni majibu, myahifadhi.